Postikadi za Mtindo wa Kale na Sharti la Sifa

Yapo maandishi mafupi ambayo wahakiki wetu huyapita bila kuyatazama, kana kwamba ufupi wake ni dalili ya upungufu wake. Methali tumekwisha kuipa heshima yake, na kitendawili kadhalika. Hata maneno ya kanga yamepata wasomaji wa kuyachambua. Postikadi bado haijapata bahati hiyo. Ni kipande cha karatasi nzito, upande mmoja picha, upande wa pili nafasi ya barua fupi, anwani na stempu. Nayo imebeba kauli juu ya miji na watu kwa zaidi ya karne moja. Katika insha hii nimekusudia kuhakiki namna moja ya postikadi, yaani zile zichorwazo siku hizi kwa mtindo wa kale ili kusherehekea historia ya shampeni ya Wafaransa. Kisha nitazilinganisha na postikadi za zamani za pwani yetu, na mwishowe nitauliza swali liihusulo Madimba, kusini kabisa mwa pwani ya Tanzania, karibu na mlango wa mto Ruvuma.

Msomaji aweza kusema, shampeni yatuhusu nini sisi watu wa pwani? Madimba ni nchi ya mikorosho na minazi. Wenyeji wake wengi ni Waislamu, na wale wanywao kileo huko wanaujua uraka, ule utokanao na maji ya mabibo yaliyochachuka, kuliko mvinyo wowote wa Ulaya. Jibu langu ni kwamba mhakiki wa kadi hizi hahukumu kinywaji. Anahukumu sifa. Kadi ya kusherehekea ni utungo wa sifa uliofupishwa mpaka ukaenea kiganjani, na fasihi yetu ina uzoefu mkubwa wa sifa, za kweli na za uongo. Tunayo haki ya kuitumia mizani yetu, hata kitu kinachopimwa kikiwa kimetoka Reims au Épernay.

Tuanze na asili ya chombo chenyewe. Kadi ya posta ya kwanza ilitolewa na serikali ya Austria na Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869, nayo haikuwa na picha. Picha zilienea baadaye, na hapo mwanzo mwandikaji hakuruhusiwa kuandika chochote ila anwani upande wa nyuma, hata salamu zikabanwa pembeni mwa picha. Waingereza waliugawa upande huo mara mbili mwaka 1902, Wajerumani wakafuata mwaka 1905. Jambo hili laonekana dogo, lakini kwa mhakiki ni kubwa: kwa kuutazama mgongo wa kadi ya zamani aweza kukadiria ilichapishwa lini, nani aliichapisha, ilitoka posta gani, na mara nyingine nani alimwandikia nani na kwa neno gani. Kadi ya zamani ina uso na mgongo, na mgongo ni shahidi wa uso.

Sasa tuzitazame kadi za shampeni za mtindo wa kale. Aghalabu hupangwa kwa mfululizo, kadi moja kwa kila zama. Katika moja utamwona mtawa mzee akishika mshumaa katika ghala la chini ya ardhi, akiinua bilauri yenye mapovu. Katika nyingine utamwona mjane mwenye nguo nyeusi akisimama mbele ya chupa zilizoinamishwa. Halafu yuko binti mwenye nywele ndefu zinazojiviringa kama moshi, amezungukwa na maua na vikonyo vya mizabibu. Rangi ni za dhahabu na kijani iliyofifia, herufi zimepambwa, na karatasi imetiwa umanjano tangu kiwandani ili ionekane imekaa sandukuni miaka mia moja.

Kwa upande wa ufundi, kadi hizi zina sifa zake, na si haki kuzinyima. Wachoraji wake wamejifunza kwa mabingwa. Pierre Bonnard alichora bango la France-Champagne lililotoka mwaka 1891; Alphonse Mucha alichora la Ruinart mwaka 1896, na ya Moët & Chandon mwaka 1899. Wanaume hawa walitambua kwamba tangazo la ukutani lina nukta chache tu za kumkamata mpita njia, hivyo wakaacha vitu vingi na kushika mstari mmoja wenye nguvu. Wachoraji wa leo wameurithi ubanifu huo. Kadi nzuri katika kundi hili husema neno moja, hulisema waziwazi, kisha hunyamaza. Washairi wetu wengi wachanga wangefaidika kwa kulitazama jambo hilo.

Kasoro inaanza pale tunapouliza ni neno gani linalosemwa. Huyo mtawa ni Dom Pérignon, aliyekuwa mtunza ghala wa watawa wa Hautvillers tangu mwaka 1668 mpaka alipofariki mwaka 1715. Kadi yamsifu kwa kuvumbua mapovu. Kwa hakika, katika siku zake mapovu yalihesabiwa kuwa ila ya mvinyo, maana yalipasua chupa, naye alijitahidi kuyazuia. Mwingereza Christopher Merret alikwisha kuieleza Royal Society mwaka 1662 jinsi sukari ilivyotiwa katika mvinyo ili utoe povu, miaka sita kabla Pérignon hajashika funguo za ghala. Hadithi ya mtawa mvumbuzi ilipata nguvu mwaka 1821 kwa barua ya Dom Grossard, aliyekuwa mtawa wa nyumba hiyohiyo, na baadaye wafanyabiashara wakaikuza kwa kuwa ilifaa kuuzia. Pérignon alistahili sifa kwa kazi yake halisi ya kuchagua na kuchanganya zabibu za mashamba mbalimbali. Amepewa sifa nyingine, isiyo yake, na ile iliyo yake imefunikwa.

Mjane ni Barbe-Nicole Ponsardin, mke wa Clicquot, aliyefiwa na mumewe mwaka 1805 akiwa na umri wa miaka 27, akashika biashara mwenyewe. Kwake kadi imekaribia ukweli zaidi. Katika nyumba yake ndiko ilikotengenezwa meza yenye matundu, ambayo chupa huinamishwa kichwa chini na kuzungushwa kidogo kidogo mpaka masalio ya hamira yashuke shingoni, yakatolewa, mvinyo ukabaki mweupe. Lakini hata hapa tazama aliyekosekana. Aliyezizungusha chupa hizo ni mfanyakazi wa ghalani, katika giza na baridi, akivaa kinyago cha waya usoni, kwa sababu chupa moja ikipasuka vigae vyake viliweza kumpofua. Kinyago hicho ni picha yenye nguvu ambayo mchoraji yeyote angeitamani. Hakimo katika kadi za sherehe. Wahenga wamesema, asiyekuwapo na lake halipo.

Ushahidi mkubwa zaidi ni wa mwaka 1911. Wakulima wa mizabibu wa Champagne walikuwa wamepata hasara juu ya hasara: wadudu walikuwa wakila mizizi ya mizabibu, mavuno ya mwaka 1910 yalikuwa mabaya mno, na baadhi ya wafanyabiashara walikuwa wakileta zabibu na mvinyo wa nje ya jimbo na kuuza kwa jina la Champagne. Ghasia zilianza Januari, na mwezi Aprili, baada ya Baraza la Seneti kuelekea kuifuta mipaka ya jimbo iliyowekwa na sheria ya mwaka 1908, mji wa Aÿ uliwaka moto. Maghala yalivunjwa, mvinyo ukatiririka barabarani, jeshi likaletwa. Na wapiga picha wa wakati huo walifanyaje? Walizitia picha za ghasia katika postikadi wakaziuza. Nyumba zilizoteketea, chupa zilizovunjwa na askari waliopanda farasi, vyote vilipita posta na stempu juu yake, na watu wakawaandikia jamaa zao nyuma ya picha hizo.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Postikadi ya kale hasa ilithubutu kuonyesha msiba wa kilimo cha mvinyo. Postikadi ya mtindo wa kale, ichorwayo leo, huruka kutoka binti wa Mucha wa mwaka 1899 mpaka bilauri za furaha za miaka ya 1920, kana kwamba kati yake hapakuwa na mwaka 1911, wala vita vya mwaka 1914, ambapo watu wa Reims waliishi katika maghala ya mvinyo wakikimbia mizinga. Imechukua umanjano wa karatasi, ikaacha ujasiri wa karatasi. Imeiga uzee bila kuiga umri.

Mtu asidhani kwa hayo kwamba nasifu kila kilicho cha zamani. Postikadi za zamani za pwani yetu zatuonya juu ya hilo. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 palikuwa na wapiga picha hodari Unguja, miongoni mwao A. C. Gomes na J. B. Coutinho, waliokuwa na asili ya Goa. Na Dar es Salaam, zama za Wadachi, walikuwako C. Vincenti na Walther Dobbertin. Kadi zilizotokana na picha za namna yao zilikwenda Hamburg, London na Bombay. Ndani yake twaona milango ya mbao iliyonakshiwa, majahazi, maboma, na wanawake waliovaa kanga na kusuka nywele vizuri. Lakini chini ya picha pana maneno machache ya Kijerumani au Kiingereza, na maneno hayo humtaja mtu kwa kabila au kwa aina yake, mara chache mno kwa jina lake. Mwanamke aliyesimama mbele ya kamera huenda alikuwa na nasaba, nyumba na mashairi. Kadi imemwita mwanamke wa Kiswahili, basi. Mwandishi Malek Alloula aliandika kitabu mwaka 1981 juu ya ila kama hii katika postikadi za Wafaransa zilizowaonyesha wanawake wa Algeria, na wanafunzi wetu wangefaa kukisoma huku wakiwakumbuka mabibi zao.

Miji ya kusini nayo ilipata kadi zake: Kilwa, Lindi na Mikindani. Mikindani, ambako Livingstone alishuka mwaka 1866 katika safari yake ya mwisho, palijengwa boma la Wadachi mwaka 1895, jengo jeupe juu ya kilima lililotazama bahari, ambalo baadaye lilikarabatiwa likafanywa hoteli. Boma la namna hiyo lapendeza machoni pa mpiga picha. Lina kuta, kivuli na bendera. Mtu aliyepokea kadi kama hiyo Ulaya mwaka 1906 angeona nchi tulivu yenye minazi.

Lakini mwaka 1906 nchi hiyo haikuwa na utulivu. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimewaka tangu mwaka 1905, navyo vilimalizika mwaka 1907, baada ya maelfu kwa maelfu kufa kwa risasi na wengi zaidi kwa njaa. Nani aliyasema hayo kwa lugha yetu? Hemedi Abdallah alikwisha kuandika juu ya Wadachi walivyoitamalaki mrima. Na juu ya Maji Maji mwenyewe tunaye Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, ambaye utenzi wake ulichapishwa mwaka 1933, ukatolewa tena mwaka 1957 kuwa nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Msomaji asipokubaliana na kila hukumu ya mtunzi huyu, bado atakiri kwamba utenzi wake una watu wenye majina, miji yenye majina, na gharama iliyolipwa. Weka kadi ya boma na utenzi wa Lindi mezani pamoja. Vyote viwili vyatoka pwani moja, na zama zinazosimuliwa ni zilezile. Kimoja kinaonyesha ukuta. Kingine kinaeleza kilichotokea nje ya ukuta.

Hata hivyo kadi hizo za kikoloni, pamoja na kimya chake chote, zimetuachia kitu ambacho kadi za mtindo wa kale hazina. Zimetuachia mgongo. Jina la mchapaji lipo, muhuri wa posta upo, lugha ya mtawala ipo, na hivyo uongo wake waweza kupelelezwa. Kadi ya leo iliyotiwa umanjano kwa mashine haina tarehe ya kweli. Yajifanya ya mwaka 1900 ilhali imechapishwa juzi, na mwenye kuinunua hushawishika kuamini kwamba hata watu wa kale walijiona hivyo, wenye furaha, wasio na deni wala hasira. Maduka ya Mji Mkongwe wa Unguja nayo yamejaa picha mpya zilizopakwa rangi ya udongo ili zionekane kuukuu: mlango, jahazi, mzee mwenye kanzu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wazee. Picha isiyoweza kusimama kwa umri wake mwenyewe hukopa umri wa nyingine.

Naja sasa kwa Madimba. Kijiji hiki kilijulikana na wachache nje ya Mtwara mpaka kilipojengwa kiwanda cha kusafishia gesi asilia, kilichozinduliwa mwaka 2015. Gesi yenyewe iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, na kutoka Madimba husafirishwa kwa bomba mpaka Dar es Salaam. Mwaka huohuo wa 2015, kwa sadfa tu, vilima, nyumba na maghala ya Champagne viliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Na kama Champagne ilivyokuwa na mwaka wake wa 1911, Mtwara ilikuwa na mwaka wake wa 2013. Mwezi Januari na tena mwezi Mei mwaka huo palitokea ghasia, watu wakipinga gesi kupelekwa Dar es Salaam kabla hawajaona faida yake kwao. Nyumba na mali zikachomwa, askari wakaletwa, na watu wakapoteza maisha. Sitaki kusema kwamba visa hivi viwili ni kimoja. Wakulima wa Aÿ walipinga mali ya nje kuingia kwao na kuvaa jina lao. Watu wa Mtwara walipinga mali ya kwao kutoka. Lakini swali la chini ni moja: jina la mahali na mali ya mahali ni vya nani, na nani atahesabiwa mwenyewe siku ya sherehe?

Siku ya sherehe haikosi kufika. Kila mradi mkubwa hupata miaka yake kumi, ishirini na hamsini, na hapo huchapishwa kalenda, stempu, vitabu vya picha na kadi. Kadi ya Madimba twaweza kuikisia tangu leo: mabomba yanayong'aa, anga la samawati, mnazi mmoja pembeni ili tujue ni pwani, na huenda mvuvi katika mtumbwi, mbali, asiye na uso. Ikichorwa kwa mtindo wa kale itakuwa na herufi za mapambo na rangi ya dhahabu. Itapendeza. Nami nauliza ikiwa itakuwa kweli.

Katika ushairi wetu wa sifa lipo sharti ambalo mafundi hulishika hata wasipolitaja. Msifu hana budi kumjua anayemsifu, kumtaja, na kueleza alilolitenda na lililomgharimu. Sifa iliyoondolewa gharama ni kujipendekeza, na msikilizaji mwenye akili huitambua mara moja. Tukilitumia sharti hili kwa kadi ya sherehe, twapata maswali manne ambayo mwanafunzi aweza kuyachukua darasani. Nani amesifiwa, na ni kweli alilitenda hilo? Nani aliyelitenda na hakutajwa? Jambo gani la uchungu limerukwa kati ya kadi hii na inayofuata? Na kadi yenyewe imekiri tarehe yake na mtu aliyeitengeneza, au imejificha nyuma ya uzee wa kuazima?

Yupo atakayesema kwamba namtwisha kuku mzigo wa punda. Kwamba kadi ni kitu cha kupendeza, cha kubandikwa ukutani au kutumiwa rafiki, na historia yafaa kutafutwa vitabuni. Hoja hii ina uzito, na kama kadi hizi zisingedai kusimulia historia ningeikubali. Ua lililochorwa halina deni kwa mtu. Lakini kadi iandikayo mwaka, imtajayo mtawa, na kujipanga kwa mfululizo wa zama, imekwisha kuingia katika uwanja wa habari, na mwenye kuingia uwanjani hucheza kwa sheria za uwanja. Tena watu wanaosoma vitabu vya historia ni wachache kuliko wanaotazama kadi. Hadithi ya mtawa wa Hautvillers imeenea duniani kwa mabango na chupa na kadi. Wanahistoria wameikanusha mara nyingi, nayo bado yatembea.

Wala si kweli kwamba ukweli huharibu uzuri. Mfanyakazi aliyevaa kinyago cha waya mbele ya chupa elfu angefanya kadi nzuri kuliko mtawa na mshumaa wake. Kwa Madimba vilevile, mwanamke anayeokota mabibo chini ya mkorosho, korosho akizitenga upande mmoja na tunda upande mwingine, na nyuma yake mwanga wa kiwanda, ni picha yenye utungo mkamilifu: zao la kale lililoletwa na Wareno kutoka Brazili na mali mpya iliyotoka chini ya ardhi, katika shamba moja. Chini yake liandikwe jina lake, kama ameridhia, na jina la mchoraji, na mwaka. Katika mfululizo huo iwepo kadi moja ya mwaka 2013, isiyopamba wala kuchochea. Mtazamaji ataelewa kwamba watu waliosherehekewa walikuwa watu wazima, wenye madai, na kwamba heshima waliyopewa haikupunguzwa na hasira yao.

Hukumu yangu juu ya postikadi za shampeni za mtindo wa kale, basi, ni hii. Kwa mkono ni kazi nzuri, kwa kumbukumbu ni kazi dhaifu. Zimepungukiwa na wafanyakazi, na mwaka 1911, na tarehe yao wenyewe. Wafaransa wana makumbusho na nyaraka za kuwasahihisha, na kadi za ghasia za Aÿ zingaliko kwa atakaye kulinganisha. Sisi akiba yetu ni haba, na picha nyingi za kusini zimelala katika makabati ya Ulaya. Kwa hiyo wachoraji wetu wana wajibu mkubwa zaidi kuliko wenzao wa Champagne, maana kadi watakayoichora huenda siku moja ikawa ndiyo ushahidi pekee uliosalia. Waandike tarehe.